Standadi Seveni

Igowole,
Alhamisi, 2 Januari 1975.

Mwanangu Skola,

Nimeweka tarehe juu kama tulivyofundishwa shuleni, na chini yake naweka ahadi: katika barua hii nitakuambia yote, hata yale yatakayokufanya unione mdogo. Nikifika mahali nikatamani kuruka jambo, jambo hilo ndilo nitakaloliandika kwanza.

Najua umecheka hapo kwenye neno "mwanangu". Nimekuzidi miaka minne tu, na mwaka juzi tulikuwa tunagombania kitana kimoja. Lakini mama yako ni dada yangu wa tumbo moja, na kwetu mdogo wa mama ni mama. Siku alipokuleta kwa bibi yako, mama yetu, hujaota hata jino, niliketishwa mkekani nikapakatishwa wewe, nikaambiwa, "Huyu ni mwanao, mshike kichwa." Sikumbuki. Bibi ndiye anayesimulia, na kila akisimulia anasema nilikishika kichwa chako kwa mikono miwili nikakataa kula. Naandika kama mama kwa sababu kosa nililokutendea ni kosa la mama. Kama ingekuwa ni dada aliyekukosea, ungemkasirikia, mngepigana, kesho mngechota maji pamoja. Mama akikosa, mtoto hanyamazi kwa hasira, hunyamaza tu.

Sasa hivi uko chumba cha pili na bibi mnafunga mzigo, na jua bado liko juu ya miti ya mikaratusi. Nasikia bibi akikuambia kwamba maji ya Igawa lazima yachemshwe, kwamba kule kuna mbu na joto, kwamba blanketi ulichukue hata hivyo maana joto halina uaminifu. Hayo namwachia yeye. Kesho asubuhi lori la viazi linaloenda Mbeya litakushusha Igawa, kwa mama yako na duka lake la kando ya barabara. Ningeweza kunyanyuka nikuambie kwa mdomo. Nimejaribu mara mbili tangu mchana. Mara ya kwanza ulinipa ncha ya kamba nishike. Mara ya pili ulinitazama ukasema, "Mama mdogo, unataka kitu?" nikasema nataka mkasi. Mkasi wenyewe uko hapa mezani, sina la kuufanyia.

Basi nianze na siku ile ya likizo ya Pasaka, babu yako aliporudi kutoka uwanja wa gofu na kitabu ndani ya koti.

Unakumbuka alivyoingia. Hakukaa. Alikitoa kile kitabu chenye picha za vyombo vya michezo, akakifuta kwa kiganja ingawa hakikuwa na vumbi, akasema Bwana Katibu wa klabu amempa achague. Wachezaji wamechoka kubishana juu ya umbali, wanataka chombo cha kupimia, na kwa kuwa mkuu wa wabeba fimbo ni yeye, na atakayekitumia ni yeye, basi achague yeye. Miaka yote aliyobeba fimbo za wageni pale kwenye mashamba ya chai, aliulizwa umbali tu. Anajibu kwa hatua zake, ndiyo maana wakamwita Mzee Hatua. Sijui kama aliwahi kuulizwa anapenda nini.

"Soma," aliniambia. "Usinisomee unavyopenda wewe. Soma kilichoandikwa."

Maneno hayo alinipa kabla sijafungua ukurasa, Skola. Sina pa kujificha.

Kulikuwa na vyombo viwili. Cha kwanza kilikuwa gurudumu lenye mpini mrefu na kisanduku kidogo cha namba. Unalisukuma mbele yako, linahesabu yadi. Babu aliiangalia ile picha akaileta karibu na uso, akaipeleka mbali, akaileta karibu tena.

"Hili nimelielewa," alisema. "Linatembea kama mimi."

Nikamwambia, "Baba, hili ni la watu wa barabara. Wale waliopima barabara kuu ya Zambia walikuwa wanasukuma hili hili. Wageni watasimama wakusubiri uende mpaka kwenye shimo urudi?"

"Kwani nitaenda kila siku? Uwanja haukui kama mahindi. Napima mara moja, napiga vigingi vyangu, basi. Mtu akisimama kwenye kigingi anajua."

Jibu hilo nililiona la kizee. Leo nimelirudia kichwani mara nyingi, na sioni pa kulitoboa. Uwanja haukui. Aliyepima vizuri mara moja amemaliza kazi. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha funua ukurasa wa pili, palipokuwa na darubini. Ndogo, ya kushika kwa mkono mmoja. Unatazama bendera iliyo shimoni, unaiweka baina ya mstari wa chini na mstari wa juu, namba ya umbali inajionyesha ndani ya kioo. Hutembei. Muhula ule mwalimu wetu wa fizikia alikuwa ametufundisha lenzi, na mimi ndiye niliyechora mchoro ubaoni. Nilitaka darubini hiyo kama mtoto anavyotaka kiatu. Sikuitaka niitumie. Nilitaka iwepo pale uwanjani, na watu waseme binti wa Mzee Hatua ndiye aliyeichagua.

"Na macho?" babu aliuliza. "Siku hizi naona ukungu."

Nilicheka. "Baba, Mufindi nani haoni ukungu?"

Bibi naye alicheka. Wewe ulicheka kidogo, kisha ukaacha ukamtazama babu. Wakati huo tayari ulikuwa unatembea naye uwanjani kila Jumamosi, na mimi nilidhani unafuata biskuti za wageni. Sikujua kwamba ulikuwa unamwambia mpira umeangukia wapi.

Sasa ndiyo hapo ahadi yangu inaponibana. Chini ya picha ya darubini palikuwa na maelezo ya herufi ndogo, na katikati yake sentensi moja. Nilisoma "standard seven", nikaelewa mara moja: darasa la saba. Nani katika nchi hii asiyejua standadi seveni ni nini? Mbele yake palikuwa na "foot", nikasema ni mguu. Halafu likaja neno refu lenye "flag", bendera, ndani yake, nalo sikulijua. Nikamtafsiria baba yangu, kwa sauti ya mtu anayeongoza darasani: "Inasema hata mtu wa darasa la saba, akiwa amesimama tu kwa miguu yake, anaweza kuitumia kupima bendera."

Babu aligeuka akakutazama wewe uliyekuwa ukichambua maharage.

"Standadi seveni? Basi mwenyewe si huyu hapa."

Hivyo ndivyo ulivyopewa kazi ya darubini. Mimi ndiye niliyekuweka pale. Sentensi ile haikuwa inasema habari za shule hata kidogo. Ilikuwa inasema chombo kimetengenezwa kwa mti wa bendera wenye urefu wa kawaida wa futi saba. Neno la darasa, standard, ndilo pia neno la kipimo cha kawaida. Darubini haijui umbali; inajua tu kwamba mti ni futi saba, na kwa kuuona umekuwa mdogo kiasi gani inakisia uko mbali kiasi gani. Mti ukiwa mfupi, inadanganyika inadhani uko mbali zaidi.

Usifikiri nataka unihurumie kwa kutojua Kiingereza. Kutojua neno si kosa, hata mwalimu wetu huwa anafungua kamusi mbele yetu. Kosa langu ni kwamba nilisikia kitu kinanikwaruza nikapita. Ule "mguu" haukukaa vizuri, niliuona. Katekista ana kamusi nyumbani kwake, na kwake si mbali, ni kuteremka bondeni na kupanda. Lakini babu alikuwa ananitazama kwa namna ambayo sikutaka ikatike, nami nikafunga kitabu.

Darubini ilifika mwezi wa sita. Niliporudi likizo ulikuwa umekwisha ijua kuliko Bwana Katibu. Babu anatangaza kwa kila mbeba fimbo kwamba chombo hiki mwanafunzi wa la saba anakimudu, ndivyo kilivyoandikwa, na binti yake ndiye aliyesoma. Siku moja jikoni ukaniuliza, nami nakumbuka mpaka mkao wako, goti moja chini ukipuliza moto.

"Mama mdogo, mbona shimo la pili babu na darubini wanapatana, la sita hawapatani?"

Nilikuwa nasoma kitabu cha hadithi. Nikasema, "Babu anazeeka. Hatua zake zimefupika."

"Zimefupika shimo la sita tu?"

"Acha ubishi, kachote maji."

Ukaenda kuchota maji.

Skola, swali lako lilikuwa bora kuliko maswali yote niliyowahi kuuliza darasani. Hata jirani yetu Kastori, na maneno yake ya kilevi, alikuwa karibu na ukweli kuliko mimi. Alikuja jioni moja kumletea babu tumbaku, akasema, "Mzee Hatua, hizi bendera zenu mmezikata kwenye mianzi ya ulanzi, ndiyo maana zimelewa. Kila mwezi zinakaa chini kidogo." Tulicheka wote. Mimi nilicheka kuliko wengine, nikarudi kwenye kitabu changu.

Ikaja siku ya mashindano, mwezi wa saba. Ukungu ulikuwa umeondoka mapema, na akina mama wa kuchuma chai waliruhusiwa kuja kutazama, nami nikasimama nao nyuma ya kamba. Babu alikuwa anambebea fimbo yule mgeni wa Mbeya, mrefu, mwenye kofia nyeupe, aliyekuwa anaongoza. Walipofika karibu na shimo la sita, lile lenye bwawa nyuma yake, alimuuliza babu umbali.

"Yadi mia na kumi, bwana," babu alisema bila kutazama popote. "Fimbo namba tisa itakutosha."

Wewe ulikuwa na darubini jichoni. Ulikawia. Niliona umekawia. Kisha ukasema, "Inasoma mia na arobaini."

Mgeni akacheka. "Sasa nimfuate nani? Mzee au chombo?"

Bwana Katibu alikuwa karibu, akasema chombo kimenunuliwa kwa ajili ya siku kama ya leo. Na babu yako, aliyeipita njia ile kwa miguu yake tangu sijazaliwa, aliyekuwa anajua mia na kumi kama anavyojua mlango wa nyumba yake, akasema, "Fuata chombo, bwana. Binti yangu alikisoma mwenyewe." Akageuka kunitafuta kwenye kamba. Najua kwa macho yale hakuniona. Lakini aligeuka upande niliokuwepo.

Mgeni akabadilisha fimbo. Mpira ulipita juu ya bendera kama ndege aliyekataa kutua, ukaingia bwawani. Akauliza tena, ukatazama tena, ukasoma namba ileile, akapiga tena, na wa pili ukaingia bwawani. Hapo akavua kofia.

"Nani anasoma hiki kitu?"

Babu alifungua mdomo. Nami nilifungua wangu, naapa nilifungua, lakini sikuwa na neno la kuweka ndani yake, kwa sababu bado sikujua kosa liko wapi. Nilijua tu kwamba liko kwangu. Wewe ukatazama kwenye kamba, ukanitazama mimi, si babu, si mgeni. Kisha ukasema, "Ni mimi. Nilishika vibaya, mkono ulitetemeka."

Kastori akasema, "Standadi seveni imefeli," na watu wakacheka, na jina hilo likakushika. Mpaka juzi sokoni nimesikia mtoto akikuita hivyo, nawe ukaitika.

Jioni ile, kabla Bwana Katibu hajaja kuchukua kisanduku cha darubini akifungie, nilitoa karatasi ya maelezo iliyokuwa chini yake. Kulikuwa na mchoro: mti wa bendera, mshale kutoka chini mpaka juu, na pembeni saba na alama ya futi. Mchoro tu. Mtu asiyejua hata herufi moja angeuelewa. Asubuhi nilikwenda shimo la sita peke yangu. Mwanzi ule ulikuwa mweusi chini, umeoza kwa maji ya bondeni na kukatwa, ukaoza na kukatwa tena, na ncha yake ilinipita kichwani kwa upana wa kiganja. Nikapanda mpaka shimo la pili, kule kwenye ukavu. Nikanyoosha mkono juu, nikashindwa kuigusa ncha. Nilikaa chini kwenye yale majani mafupi ambayo haturuhusiwi kukaa. Hukutetemeka mkono. Ulisoma sawasawa kilichokuwepo, mara mbili.

Baada ya hapo nilikuwa na majuma mawili ya likizo.

Ningependa kukuandikia kwamba nilitafuta nafasi sikupata. Nafasi zilikuwepo kila siku. Bwana Katibu alitengua ahadi yake, ile ya kukupa kazi ya kuandika alama za wachezaji ofisini utakapomaliza la saba. Babu akaileta habari hiyo mezani, nami nikaendelea kula. Babu akaacha kukuita kwa jina. "Mwambieni yule mtoto alete moto." "Yule mtoto amefunga kuku?" Hakukupiga, hakukutukana. Kosa la mkono angelisamehe siku ileile. Alidhani ulifanya mchezo na kazi yake mbele ya watu, na kazi yake ndiyo jina lake. Mimi nilikuwa najua, nami nikawa naleta moto kabla hujatumwa, nadhani kwamba kwa kuleta moto nalipa.

Nilijiambia nitasema nikirudi Desemba. Shuleni Iringa nilipata namba moja katika Kiingereza. Mwalimu aliisoma insha yangu mbele ya darasa, na wakati wenzangu wanapiga makofi nilikuwa natazama neno moja ubaoni lililobaki kutoka somo lililopita, silisomi, nalitazama tu. Mwezi wa kumi ukaniandikia. Ukurasa mmoja. Babu hajambo, bibi hajambo, mbwa amezaa, mtihani ulikuwa wa kawaida. Sikuona lawama popote ndani yake, nikaikunja nikaiweka chini ya godoro kama kitu kilichoibwa.

Niliporudi nikakuta imekwisha amuliwa uende Igawa.

Leo baada ya chakula nilimfuata babu nyuma ya nyumba. Alikuwa anachagua viazi vya mbegu kwa kuvipapasa. Nilikaa upande wa pili wa gunia nikavichagua naye kwa muda, nikawa nakosea, akawa anavitoa nilivyoviweka.

"Sema," akaniambia. "Viazi hivi vitakwisha kabla yako."

Nikasema. Nilimweleza standadi, na futi, na mwanzi wa shimo la sita. Aliniomba nimsomee ile karatasi upya, maana sikuirudisha siku ile, niliiweka ndani ya kitabu changu cha fizikia miezi yote hii. Nikamsomea polepole, na palipokuwa na neno gumu nikamwambia hapa nilifungua kamusi.

"Kumbe futi saba," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nilisema mia na kumi."

"Ulisema sawa."

Alishika kiazi akakigeuza mkononi. Nilingoja anigombeze. Akasema, "Tangu mwezi wa saba sijamwita mjukuu wangu kwa jina lake." Kisha akasimama akadai koti lake, na tukaenda kwa Bwana Katibu, yeye mbele bila kupapasa njia, mimi nyuma na karatasi.

Bwana Katibu alitupokea barazani. "Kamwene, Mzee Hatua. Umekuja na msomi wako." Nilimweleza yote tena. Alikuwa ananisikiliza huku anatabasamu, halafu akaacha kutabasamu, akatuma mtu akapime mwanzi wa shimo la sita. Yule mtu aliporudi akasema ni futi tano na nusu, Bwana Katibu akaangalia karatasi, akaniangalia.

"Kwa hiyo mtoto hakukosea."

"Hakukosea, bwana."

"Basi kwa nini alisema amekosea?"

Babu alinitazama nijibu. Hapakuwa na mtu barazani aliyeweza kulijibu swali lile.

Bwana Katibu alisema kazi ya ofisini amekwisha mpa mtu mwingine, lakini uwanja utapimwa upya baada ya masika, na safari hii ataagiza gurudumu. Atahitaji mtu wa kuandika namba wakati Mzee Hatua anasukuma. Alisema ukitaka, nafasi hiyo ni yako, na atalisema hilo mbele ya wabeba fimbo wote. Njiani kurudi babu alitangulia mpaka kwenye miche ya chai. Hapo akasimama. "Mimi nimekwisha sema aende, na mama yake anamngoja. Siwezi kumwita sasa nikamwambia maneno haya, nitayaharibu. Wewe una kalamu. Mwambie kitanda chake hakiondolewi." Nilimwambia ayaseme mwenyewe hata nusu. Akasema atajaribu kesho kwenye lori. Kama kesho atakuita kwa jina lako, ujue amekesha nalo.

Kwa hiyo kurudi au kutorudi ni shauri lako, na jibu lake umwandikie babu, si mimi. Sina haki ya kukuomba urudi. Inawezekana Igawa ikakupendeza. Mama yako amekukosa miaka mingi, na duka lake, naambiwa, limejaa watu kila siku, wafugaji waliohamia Usangu na ng'ombe wao, madereva, wauza mchele. Kuna jambo moja tu la huko ninalotaka kukuambia, kwa sababu nalijua kwa kuumia nalo. Utakapojulikana umemaliza la saba, watakuletea karatasi uwasomee. Barua za watoto wao, hati za ng'ombe, maelekezo ya dawa. Watakutazama vile babu alivyonitazama. Ni kutazamwa kuzuri sana, na kunalevya. Ukifika kwenye neno linalokukwaruza, uweke kidole hapo, uwaambie, "Hapa sijui." Watasubiri. Waliotembea na ng'ombe kutoka kaskazini mpaka Usangu hawashindwi kusubiri kidogo. Na wasiposubiri, ni afadhali waondoke na karatasi yao kuliko waondoke na tafsiri yako.

Na wewe, mwanangu, usiseme tena "ni mimi" pale ambapo si wewe. Nalisema hili nikiona haya, maana mimi ndiye niliyefaidika. Nimelala kwa amani yako miezi sita. Lakini nimeona lilivyokutenda: umejifunza kutembea kando ya ukuta, umejifunza kuitika jina lisilo lako. Mtu akikosa, mwachie kosa lake alibebe. Ni mzigo wake, huenda ndio utakaomfunza kutembea. Mimi mwenyewe nimeupata wangu leo mchana, na nilipokuwa narudi kutoka kwa Bwana Katibu nyuma ya babu yako, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba nilijisikia nina uzito wa mtu.

Mnamaliza kufunga. Nasikia bibi anasema kamba haitoshi. Barua hii nitaiweka ndani ya kikapu, chini ya mahindi ya kuchoma, uikute ukishafika. Usinijibu kwa kunipendeza wala kwa kunisamehe haraka. Sijaomba, nami nitaomba uso kwa uso. Dereva wa lori anapita tena Igawa Jumatatu akirudi huku, na mimi naondoka kwenda shule Jumatano. Mpe karatasi hata iwe na mstari mmoja. Sitaki habari za safari. Nataka kujua jambo moja ambalo nimelibeba tangu barazani kwa Bwana Katibu, na ambalo babu yako naye sasa analibeba.

Siku ile kwenye shimo la sita, uliponitazama kwanza, halafu ukasema ni wewe: ulikuwa umekwisha jua kwamba ni mimi?

Mama yako mdogo,
Yusta.